Shati Nililomnyima Bibi Yako

Faraja mwanangu,

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutokula vya watu njiani na ya kushonea hela kwenye upindo wa sketi nimekwisha kukwambia, na najua hukusikiliza hata nusu. Ulikuwa unaitika tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama," huku unakunja nguo. Hayo siyarudii. Wewe umelala, nakusikia unavyopumua, pumzi ya baba yako hasa, ya mtu anayelala kama kalipwa alale. Mimi nimekaa na kibatari na kalamu uliyoisahau mezani. Kabla sijaendelea, naomba utazame mwandiko. Sijaandika siku nyingi, lakini mistari imenyooka. Darasa la saba la zamani hilo. Nyinyi mnakwenda vyuoni na herufi zenu zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo.

Nitakupa barua hii asubuhi na nitakwambia usiifungue mpaka basi lipite Bungu. Najua utaahidi. Najua pia vidole vyako. Jitahidi.

Ninataka kujibu swali lako la wiki iliyopita. Tulikuwa uani, wewe unapepeta, mimi nachambua mawe. Ukaniuliza bila kunitazama:

"Mama, kule chuoni watu wakiniuliza baba yangu yuko wapi, niseme nini?"

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote: "Sema yuko njiani."

Ukaendelea kupepeta. Ungo ukaenda juu, ukashuka, makapi yakaruka. Kisha ukasema, taratibu kabisa, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Haya. Basi na mimi utaniwekea sahani."

Mwanangu, mimi nimetukanwa sokoni na wanawake wenye midomo mipana kuliko mlango wa kanisa, na sikuwahi kukosa jibu. Hapo niliinama tu nikaendelea kuchambua mawe. Ulikuwa unaniambia kwamba ukipanda basi hilo hurudi, na nikusubiri kama ninavyomsubiri yeye. Ndiyo maana usiku huu siandiki habari za maji ya kuchemsha.

Nitaanzia mwanzo, hata kwa yale unayoyajua, maana uliyajua kwa masikio ya mtoto.

Mimi na baba yako tulishuka kutoka kwetu Ubena, nchi ya baridi na viazi, kwa uhamisho wa kazi yake. Bwana shamba Festo. Alipopita kwenye mashamba ya mpunga bondeni, wazee wa Kindengereko walimwita kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu ya nguzo wanavyolindia ndege, apande ale nao. Mimi nilifika hapa Kibiti sijui hata kukuna nazi. Leo nani ananipita kwa wali wa nazi, au kwa maandazi? Waulize madereva wa mabasi ya Lindi wanaosimama kwangu asubuhi. Wanayapita maandazi ya watu wengine wote barabarani wakisubiri ya Mama Faraja. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ni kwamba ni kweli.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Serikali ikaanza kupunguza watu, na baba yako akaambiwa asante, nenda nyumbani. Alirudi siku hiyo akakaa kizingitini akasema, "Mama Faraja, sasa kila kitu ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufa njaa." Tukacheka. Wewe ulikuwa unatambaa, ukacheka nasi bila kujua unachochekea.

Ilikuwa ndiyo kwanza mitumba inafika hapa kwa wingi. Watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu wa huko. Alinunua shati moja la drafti za kijani, zuri, la mikono mirefu, likamkaa kama alipimwa. Bi Zaituni, jirani yetu, akamtania kutoka ng'ambo ya ukuta: "Bwana shamba, hilo la maiti." Naye akajibu: "Kama alikufa, mimi nimemfufua. Tazama anavyotembea." Likawa shati lake la kanisani. Kazini hakulivaa.

Kazi yenyewe ikawa kununua kamba, hawa wa kuliwa. Matajiri kutoka Dar walileta magari ya barafu mpaka Nyamisati, wakataka mtu wa kuingia huko ndani ya delta, kwenye madago, zile kambi za wavuvi katikati ya mikoko, awanunulie na kuwaletea. Mtu wa Ubena, aliyejifunza kuogelea akiwa na ndevu. Nilimwambia, "Festo, maji hayo si yako." Akasema, "Na njaa ni yangu?"

Mwaka ule mto ulikuja na mafuriko kabla ya watu kumaliza kuvuna. Alitoka dagoni na vijana wawili wenyeji wa kule Mbwera, mashua imejaa. Haikufika Nyamisati. Siku zikapita. Nilikuwa naenda barabarani kila lori la kamba likipita, nauliza, wananijibu huku wanatazama kando.

Wakati huohuo alikuwa amefika mhubiri mgeni kutoka Dar, mwenye kipaza sauti chake mwenyewe. Kanisa letu dogo, la watu wa bara tuliotupwa huku, walimu, wauguzi, na maaskari wawili watatu, tulimwona kama mvua. Nikaenda mbele. Sikumwambia jina wala shida. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mama, namwona mtu anarudi. Ana mzigo begani. Mlango wa nyumba yako uko wazi. Mungu amesema."

Faraja, unajua mimi nikipewa kitu sikiachii. Nilitoka pale nimepona. Nilikwenda nyumbani nikafagia uwanja.

Siku chache baadaye wakaiona mashua imepinduka kwenye mikoko, na miili ya wale vijana wawili. Wakazikwa siku hiyohiyo na watu wao. Wa baba yako haukuonekana. Wavuvi walisema mkondo wa maji kupwa uliungana na maji ya mto, na pale vinapoungana hapaachi kitu.

Asubuhi iliyofuata majirani wakaja. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, kwa hiyo ulikuwepo. Bi Zaituni mbele, mkeka mpya kichwani. Nyuma yake wanawake na mchele, mafungu ya kuni, sufuria kubwa ya msikitini. Wanaume walikwisha kuanza kutafuta pa kufunga turubai. Watu wa dini nyingine, Faraja, na kanisani kwangu hakuna aliyekuwa amefika bado.

Nikasimama mlangoni. "Jamani, kuna nini?"

Bi Zaituni akasema, "Mama Faraja, tumekuja kukaa nawe. Tuweke tanga."

"Tanga la nani?"

"La mumeo, mwenzangu."

"Mume wangu hajafa. Beba mkeka wako, Bi Zaituni."

"Hebu nisikilize. Mwili haupo, lakini msiba upo. Mtu haachwi hivihivi, asiliwe hata wali wake."

"Nimesema hapa hakuna msiba."

Mzee mmoja akanong'ona, lakini nikamsikia: "Kachanganyikiwa huyu. Mwacheni."

Nikamjibu kwa sauti ambayo barabarani waliisikia: "Sijachanganyikiwa. Nimeahidiwa."

Wakarudi. Mchele wao, kuni zao, sufuria yao. Nilisimama pale najiona mkubwa kuliko nyumba. Nilidhani imani ndiyo hiyo.

Jumapili yake nikafanya kile ambacho watu wa kanisa letu wanakisimulia mpaka leo, wakidhani sijui. Nilimshika yule jogoo mwekundu, jogoo ambaye hakuwa na mwenzake Kibiti nzima, nikampeleka mbele kama sadaka ya shukrani. Mwinjilisti wetu, unamjua alivyo mpole, akanong'ona:

"Mama Faraja, tumshukuru Mungu kwa lipi?"

"Kwa kumrudisha Baba Faraja."

"Amerudi?"

"Yuko njiani."

Jogoo peke yake ndiye aliyesema. Kisha mwinjilisti akaomba, na baada ya ibada jogoo akapigwa mnada kama sadaka nyingine, mwalimu mmoja akamnunua na kumla. Mimi nikaimba pambio mpaka bati likatetemeka. Kwa sauti hakuna anayenipita, hilo hata maadui zangu wanakubali.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, mwanangu. Nilikwisha kushuhudia. Nilikwisha kutoa shukrani. Kwetu sisi mtu akishashukuru mbele ya kanisa kwa jambo ambalo bado halijatokea, harudi tena kusema halikutokea. Angekuwa amemfanya Mungu mwongo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kumbe aliyekuwa akiogopa kuonekana mwongo ni mimi. Mungu hakuwa na hofu yoyote.

Sasa sahani. Kila jioni nilimpakulia yeye kwanza, nikafunika na kawa, ndipo tukala mimi na wewe. Asubuhi nikakupa wewe kile kilicholala. Umekula kiporo cha baba yako kila siku kabla ya kwenda shule, Faraja. Umekua kwa kiporo hicho. Kila Jumamosi nikalipiga pasi shati lake la drafti, pasi ya mkaa, nikalitundika. Ukitaka kucheza karibu nalo nilikufokea kana kwamba yumo ndani.

Na lile la shule. Unadhani nimelisahau kwa sababu sijawahi kulitaja. Mwalimu alisema waliofiwa na wazazi wanyooshe mkono wapewe madaftari ya msaada. Ukanyoosha. Ulirudi nayo umeyakumbatia. Mimi nikakushika mkono, tukarudi barabara yote ile, nikaingia darasani watoto wameketi, nikayaweka mezani kwa mwalimu. Nikasema, "Mwanangu si yatima." Kisha nikakugeuza uso kwa wenzako nikakulazimisha useme. Ukasema, "Baba yangu yuko hai." Nikasema, hatusikii. Ukarudia. Mkojo ulikuwa unakutiririka miguuni na mimi nikadhani ni jasho.

Tangu hapo hukuwahi kumtaja tena. Nikajisifu kwa watu kwamba mtoto wangu ana imani.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi zaidi, ingawa lilistahili.

Baba yako mdogo Obedi alikuja kutoka Ubena, safari ya mabasi na malori, miguu imevimba. Akakaa hapo kwenye kiti chenye mguu uliofungwa kamba. Akasema:

"Shemeji, mama amenituma. Kule nyumbani tumekaa tunasubiri. Tunataka kumzika kaka."

"Utamzikaje mtu asiyekuwepo?"

"Tuzike nguo yake. Mama anaomba shati moja tu. Lolote."

Nikamwambia shati lipo lakini mwenyewe atalihitaji. Nikaongea sana siku ile. Nikamweleza habari za mhubiri, nikamsimulia watu wa zamani wa Maandiko walivyongoja watoto uzeeni na bahari zikapasuka. Obedi si msemaji. Alikula, akashukuru chakula, akalala. Asubuhi akiwa anafunga mzigo akaniambia:

"Mama alisema ukikataa nikupe maneno yake. Anasema hivi: mwambie mke wa mwanangu kumzika mtu si kumkana Mungu. Mimi namzika kwa sababu naamini. Kama nisingeamini, ningemtupa."

Nikamjibu, naona aibu kuandika, lakini wacha mkono uandike: "Mwambie mama, kila mtu na kipimo chake cha imani."

Mimi, kwa bibi yako. Mwanamke aliyemfundisha baba yako kusali kabla hajajua kutembea. Mwanamke aliyewafukia watoto wake wengine kwa mikono yake kwenye udongo ule wa baridi, na Jumapili yake akaenda kanisani. Nikampimia imani yeye.

Obedi akaondoka mikono mitupu. Bibi yako akafa msimu wa mvua uliofuata. Walituambia mpaka mwisho alikuwa anawaambia waache nafasi pembeni yake, msichimbe pale, pale ni pa Festo. Wakaiacha. Iko mpaka leo, majani yameota. Sikwenda mazishini. Nilisema barabara imekatika, na kweli ilikuwa imekatika, lakini hata ingekuwa lami nisingekwenda. Ningetazamaje pale mahali?

Na hata hapo sikujifunza. Watu hudhani mtu akiumia ndipo anajifunza. Hapana. Mwingine akiumia anashika kwa nguvu zaidi kile kinachomuumiza, kwa kuwa akikiachia atajua kwamba aliumia bure.

Siku moja sokoni nilimwona mke wa mmoja wa wale vijana wa Mbwera waliozama na baba yako. Alikuwa amemaliza eda siku nyingi, ameolewa tena, ana mtoto mgongoni, anagombania bei na muuza khanga huku anacheka meno yote nje. Moyoni mwangu nikasema, tazama huyo, alivyomsahau mwenzake upesi. Nilikuwa na sumu hiyo mdomoni tayari kuitema. Akaniona, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mama Faraja, kila mwaka tunamsomea marehemu wetu dua, na mumeo tunamtaja humohumo. Walikuwa pamoja." Akaenda zake.

Walikuwa wanamwombea. Watu nisiowajua, kwa maneno nisiyoyajua, walikuwa wanamtaja baba yako kwa jina miaka yote hiyo, na mimi mkewe nilikuwa napiga pasi.

Sasa nikurudishe wiki iliyopita. Jioni ile nilikuwa nimemwekea sahani yake kama kawaida. Ulipokwenda kulala, sijui nilikuwa natafuta nini, nikatoa na sahani yako ile ya maua, nikaiweka kando ya yake, nikaifunika na kawa ya pili. Nikakaa nikazitazama. Kawa mbili. Nikaona jinsi nitakavyozeeka.

Alfajiri nikaenda kwa Bi Zaituni. Alikuwa anapuliza moto, akanikodolea.

"Mama Faraja. Kuna nini, mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Bi Zaituni, nimekuja kuomba ule mkeka."

Hakuniuliza mkeka gani. Miaka yote hiyo imepita, na hakuuliza. Alinyanyuka na magoti yake yale mabovu akamwita mjukuu autoe darini.

"Nilirudi nao siku ile nikaukunja," akasema. "Mume wangu akaniambia uze. Nikamwambia, siuzi, una mwenyewe, hajawa tayari. Panya wameula huku pembeni, usinilaumu mie. Ungeuchukua siku yake ungekuwa mpya."

Nikacheka, mwanangu. Halafu nikashindwa kunyamaza, na haikuwa kicheko tena, akaniziba mdomo kwa upande wa khanga yake akaniambia, "Bado. Usilie huku, utaamsha watu kwa sauti hiyo. Tanga uliweke kwako, ulie kwako. Mtoto akishasafiri?"

"Akishasafiri."

"Maana tanga la siku zote hizi si dogo. Asije akakosa basi."

Halafu akanipa uji.

Nikapita na kwa mwinjilisti. Nilimkuta anapalilia muhogo. Nikamuuliza jambo nililolibeba miaka yote: "Siku ile ya jogoo ulijua. Kwa nini hukunizuia?" Akaegemea jembe. Akasema, "Nilikuogopa, mama. Ulikuwa unaimba kwa nguvu sana." Kisha akasema atakuja hiyo kesho, ukishaondoka, na kitabu cha nyimbo, na kama ninataka akae na watu wa Bi Zaituni mkeka mmoja atakaa.

Utaniuliza, basi mama, Mungu alisema uongo? Najua utaniuliza, kwa sababu wewe umeacha kuomba siku nyingi. Unafumba macho tu mezani ili nisikuone. Nilikuwa nakuona.

Sina jibu la kukutosha. Yule mhubiri aliniambia nililotaka kusikia, na mimi nikaliweka mdomoni mwa Mungu, nikamshika nalo kama mdai anavyomshika mtu kola. Nimerudia kuyasikiliza yale ambayo kweli Mungu ametuahidi sisi watu wake, yale yanayosomwa kanisani siku tukiwa tumefiwa. Hayasemi popote kwamba mashua haitapinduka. Yanasema wafu watafufuka, na kwamba hatatuacha. Hayo tu. Nilikuwa nayaona madogo. Nilitaka mume wangu aingie mlangoni na mzigo begani siku ya Alhamisi, watu wote wa Kibiti wakitazama, wale waliosema nimechanganyikiwa wakiwa mstari wa mbele.

Mwinjilisti amewahi kutuambia kwamba wengi katika wale watu wakuu wa zamani walikufa kabla hawajapokea walichoahidiwa. Walikiona kwa mbali, wakakipungia mkono, wakafa. Nilisikia nikadhani ni habari za watu wengine.

Siku nyingine asubuhi naamka nami siamini kitu. Nakuambia hili kwa sababu hakuna mwingine wa kukwambia, na kwa kuwa unakwenda kuwa muuguzi na utaona watu wakifa na ndugu zao wakishika vitanda wakikataa. Usiwapimie imani. Wewe waletee maji wanywe.

Lakini siku nyingi, naamini. Si kwa kelele. Naamini kama watu wa hapa wanavyotupa mbegu ya mpunga kwenye vumbi kavu, hakuna hata wingu, mto uko chini kabisa, nao wanafukia wanakwenda zao. Baba yako alikuwa anawashangaa mwanzoni. Baadaye akawa anasema hao ndio walimu wake. Bibi yako angewaelewa siku hiyohiyo.

Jibu la swali lako basi. Wakikuuliza baba yako yuko wapi, sema amekufa. Sema alizama huko Rufiji akitafuta chakula chetu. Sema alikuwa bwana shamba, alikuwa anapenda kutania, na hakujua kuogelea vizuri. Sema kwa sauti ya kawaida. Ukishasema mara ya kwanza nadhani ya pili itakuwa nyepesi. Mimi mwenyewe nimejaribu leo jikoni, peke yangu, na sufuria zikinisikiliza. Nimelisema.

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, kuna kitu nimekifunga kwenye kipande cha khanga. Ni lile shati. Kwa mara ya kwanza sikulipiga pasi. Chuo chako hakiko mbali na kwa baba yako mdogo Obedi, ndiyo maana nilipoona jina la mji ule kwenye barua yako ya chuo nilikwenda chooni nikakaa huko nikijifanya naumwa tumbo. Siku ya likizo fupi mpelekee. Atakuonyesha ile nafasi pembeni ya bibi yako. Mwambie shemeji yake ameleta. Chimbeni, lilazeni, na wewe ufukie kwa mkono wako, kisha umwombe bibi yako radhi kwa ajili yangu, kwa sauti, ukimtaja jina. Mimi mwenyewe siwezi kuja kuyasema hayo kwa sasa. Nitakuja baadaye nikiwa na nguvu, na nitakuja na jogoo.

Ukimaliza hayo, kama utataka kurudi hapa, rudi. Kama hutataka, sitakulaumu, nitalia tu na nitaisema habari hiyo kwa kila abiria wa Lindi. Ila sahani yako sitaiweka. Nimeiosha, nimeigeuza kifudifudi kabatini, na ya baba yako juu yake. Ukija utakaa kwanza, nikuone, ndipo nitakupakulia, cha moto.

Jambo la mwisho. Ukifika hapa kwenye barua utakuwa umekwisha kukisikia kilio, wakati basi linaondoka stendi. Abiria watakuwa wamesema, maskini, mama anamlilia bintiye. Wengine watakuwa wamecheka, mtoto anakwenda chuo na mama anapiga kelele kama kafiwa. Waache. Wewe ndiye utakayejua kwamba nimefiwa, na kwamba nilikuwa nimeshika kilio hicho tangu ukiwa mgongoni mwangu, na kwamba nililia vizuri, Faraja, kwa sauti yangu yote, mpaka Nyamwage wakauliza kuna nini.

Ni mimi mama yako, mjane wa Festo.